Mfarishi wa Mapicha

 

Ndugu msomaji, imezuka desturi katika majumba yetu ya pwani, nayo inaenea upesi kwa kuwa ina sura ya mapenzi na sura ya dini. Mtu akisafiri, ikiwa ni Dubai, Istanbul au Makka, hupiga mapicha kwa simu yake mamia kwa mamia. Akirudi huyachagua yanayompendeza, akayapeleka kwa mwenye mashine ya kupiga chapa, yakatolewa juu ya vipande vya kitambaa. Vipande hivyo huunganishwa kwa cherehani, vikatiwa pamba katikati na shuka chini, vikashonwa vikawa mfarishi. Kisha mfarishi huo hutandikwa kitandani katika chumba cha wageni, au hutundikwa ukutani, na kila aingiaye huonyeshwa kiraka kimoja kimoja: hapa tuko uwanja wa ndege, hapa tuko hotelini, hapa ni mimi mbele ya Kaaba.

Kazi yenyewe si ngeni duniani. Wanawake wa Ulaya na Marekani wameshona mifarishi ya viraka kwa miaka mingi, na kutia picha juu ya nguo kulijulikana huko zamani: mwaka 1842 Mwingereza John Herschel alivumbua njia ya kutoa picha za rangi ya buluu kwa mwangaza wa jua, na baadaye watu wakaitumia juu ya vitambaa pia. Kilichogeuka zama zetu ni wepesi wake. Picha ya simu haihitaji filamu wala kuoshwa gizani. Hupigwa chapa juu ya karatasi kwa wino maalumu, karatasi ikalazwa juu ya kitambaa cha poliesta, ikabanwa kwa pasi kubwa yenye joto la karibu nyuzi 200, wino ukageuka mvuke ukaingia ndani ya uzi. Kitambo kidogo, basi, kazi imekwisha. Na jambo likiwa jepesi mno, watu hulifanya kwanza, kisha ndipo wakauliza kama lafaa.

Mimi sikusudii kumlaumu mtu kwa kupenda sindano. Wala sisemi kwamba kila picha ni haramu na kila mwenye picha ni mpotofu. Maneno ya namna hiyo ni mepesi kuyatamka, mazito kuyathibitisha. Ninalokusudia ni moja: mfarishi uliojaa picha zetu tukiwa mbele ya Kaaba na Msikiti wa Mtume ni kitu ambacho Muislamu hana pahali pa kukiweka nyumbani mwake. Akikiinua anakosea, na akikishusha anakosea. Basi nisikilize mpaka mwisho, kisha uhukumu mwenyewe.

Pazia la Bibi Aisha

Katika Sahihi za Bukhari na Muslim mna habari inayolihusu jambo letu hili kana kwamba imeelezwa kwa ajili ya leo. Mtume (S.A.W.) alikuwa amerudi safarini. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa ametundika pazia lenye picha chumbani mwake. Mtume alipoliona uso wake uligeuka rangi, akaliondoa, akahadharisha juu ya ukali wa adhabu ya wale wanaojifananisha na Mwenyezi Mungu katika uumbaji Wake. Bibi Aisha akalikata pazia lile, akafanya kwalo mto mmoja au miwili. Na katika mapokezi ya Anas (R.A.) imekuja kwamba Mtume alimtaka aliondoe pazia lililokuwa upande mmoja wa nyumba, kwa sababu picha zake zilikuwa zikimjia mbele yake katika sala.

Yatazame vyema, ewe msomaji, yaliyomo humo. Kwanza, kilichokuwa kikizungumzwa ni kitambaa, si sanamu la jiwe. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba mlango huu ni wa masanamu ya washirikina peke yake. Pili, kitambaa kile kilikuwa kimetundikwa, yaani kimepewa cheo cha kutazamwa. Tatu, hakikutupwa, kilikatwa, kikashonwa, kikawa kitu cha kuegemewa na kukaliwa. Cheo chake kilishushwa, na manufaa yake yakabaki. Nne, mojawapo ya sababu alizozitaja Mtume ni sala. Nyumba ya Muislamu ni mahali pa kusalia, na chenye kuvuta jicho la mwenye kusali hakina haki ya kukaa mbele yake.

Kutokana na habari hizi na nyinginezo Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani wafuasi wa Imamu Shafi ndiye tegemeo letu, alieleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba picha ya chenye roho ikiwa juu ya kitu kilichotundikwa ukutani, au juu ya nguo ya kuvaliwa, haifai. Na ikiwa juu ya busati la kukanyagwa, au juu ya mto na tandiko la kudunishwa, kuwa nayo si haramu. Ndiyo kusema, mizani ni heshima. Picha ya kiumbe haitukuzwi.

Najua kuna atakayesimama aseme: "Sheikh, mbona umeficha ile hadithi ya Zaid bin Khalid, iliyotoa ruhusa kwa nakshi iliyo katika nguo?" Sikuificha, hii hapa. Imamu Nawawi amesema kwamba nakshi iliyokusudiwa humo ni ya miti na mfano wake, vitu visivyo na roho. Wako wanavyuoni wengine walioichukua kwa upana zaidi, wakaruhusu picha ya bapa isiyo na kivuli. Khitilafu hiyo ipo na ni ya wakubwa, wala mimi si mtu wa kuiamua.

Atasimama na mwingine aseme: "Hayo ni ya picha za kuchorwa kwa mkono, hii ya simu ni kivuli tu kilichozuiliwa, kama sura iliyo ndani ya kioo." Hayo nayo yamesemwa na mtu mwenye elimu yake, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliyeandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera. Na yamekataliwa na wenye elimu yao pia, kama Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, ambaye hakuruhusu picha ya chenye roho illa kwa dharura. Basi aliyeifuata rai ya Sheikh Bakhit simkufurishi wala simfasikishi. Sote tuna picha katika pasi na vitambulisho vyetu. Lakini hukumu ya kuipiga picha si hukumu ya kuitukuza. Hata kioo, ambacho wamekipigia mfano, hatujapata kumwona mtu akikitundika hali ameizuilia sura yake ndani yake ili wageni waje kuitazama wakati yeye hayupo.

Juu au chini?

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Uchukue mfarishi wako, ewe ndugu yangu, uniambie utauweka wapi.

Ukisema utautundika ukutani, umezitundika sura za viumbe mahali pa kutukuzwa, nalo ni lile lile pazia lililoondolewa. Na pengine ukuta wenyewe uko upande wa kibla, watoto wanasali wakimwelekea baba yao aliyevaa miwani ya jua.

Ukisema hapana, utautandika chini ukaliwe, kwa kufuata alivyofanya Bibi Aisha, basi kumbuka kwamba katika kitambaa kile kile, nyuma ya bega lako, iko Kaaba. Liko kuba la kijani la Madina. Yako maandishi ya kiswa yenye aya za Qur'ani. Je, hayo nayo utayakalia? Wewe uliyefundishwa tangu utotoni kwamba ukienda haja uwanjani usielekee kibla wala usikipe mgongo, leo utailaza picha ya kibla chini ya makalio yako? Mtoto mchanga akikojoa usiku, ataikojolea nini? Mgonjwa akitapika je? Mume na mke je, wakiwa chumbani mwao? Samahani kwa maneno haya, lakini kitanda ni kitanda. Kina mambo yake ya halali na ya kibinadamu, na asiyependa yatajwe na asitandike juu yake picha ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu.

Huko ndiko kukosa njia nilikokutajia. Sura yako yataka kushushwa, na Kaaba yataka kuinuliwa, na wewe umezichapa mbili hizo katika kiraka kimoja. Hakuna fundi wa cherehani awezaye kuzitenganisha. Siku mfarishi utakapochakaa, na kila nguo huchakaa, utaufanya nini? Nguo kuukuu katika nyumba zetu huwa tambara la kupangusia sakafu au kushikia sufuria. Hili utalipangusia nini?

Hija ina nguo zake

Na ajabu kubwa ni kwamba ibada ya Hija tangu zamani ina nguo zake, wala hazikuhitaji kuongezewa. Nguo ya mwenye kuhiji ni ihramu: kwa mwanamume ni vipande viwili vyeupe visivyoshonwa kwa umbo la mwili. Hakuna picha, hakuna jina, hakuna alama ya cheo. Tajiri na mchukuzi hawatambulikani. Wako wazee wetu wengi waliokuwa wakizikunja ihramu zao, wakazihifadhi sandukuni, wakausia wazikwe nazo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kumbukumbu yao ya safari: nguo inayomkumbusha mwenyewe kaburi lake, si nguo inayowakumbusha wageni hoteli yake.

Na nguo ya Kaaba yenyewe ni kiswa. Mpaka mwaka 1962 kiswa kilikuwa kikiletwa kutoka Misri. Sasa hutengenezwa papo hapo Makka, kwa hariri nyeusi na nyuzi za dhahabu na fedha, na tangu mwaka 2022 hubadilishwa mwanzo wa Muharram. Mafundi wake ni miongoni mwa mafundi wa sindano walio bora duniani, na lau picha ingalikuwa pambo linaloinasibu Kaaba, wao wangaliweza kuitarizi. Hawakutia sura ya mfalme wala ya nabii. Wametia maneno ya Mwenyezi Mungu. Sasa wewe, ukitaka kuikumbuka Nyumba isiyo na sura hata moja juu ya nguo yake, unashona nguo isiyo na pahali patupu pasipokuwa na sura yako!

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mfarishi wa kitanda wenye upana wa sentimita 180 na urefu wa sentimita 220, ukishonwa kwa viraka vya sentimita 20, huchukua viraka 9 kwa 11. Ndiyo viraka 99. Hesabu hiyo kila Muislamu anaijua. Ndiyo tunayoitumia tukiyataja Majina Mazuri ya Mola wetu kwa tasbihi. Mara 99 amejitaja mtu juu ya kitanda chake, na katika kila mara akamwelekeza mgeni: nitazame.

Safari kwa ajili ya mfarishi

Madhara hayaanzii kwa fundi. Yanaanzia Makka. Mtu aliyekwisha kuazimia kushona mfarishi huenda huko akiwa mwindaji wa picha. Mizunguko ya tawafu ni 7, naye kila mzunguko ana simu mkononi, anarudi nyuma, anasimama, anawazuia wenye kupita. Anainua mikono ya dua mpaka apigwe picha, kisha anaishusha. Je, ile ilikuwa dua? Mwezi wa Novemba 2017 serikali ya Saudia ilitangaza marufuku ya kupiga picha ndani ya Misikiti Miwili Mitukufu, na miongoni mwa sababu ni udhia wanaofanyiwa wenye kuabudu. Kila aliyekwenda baada ya hapo aweza kukuambia kama watu wameacha.

Wazee wetu walikwenda kwa jahazi na kwa meli, kwa wiki na miezi, wengine wasirudi. Waliporudi walileta tende, maji ya Zamzam, tasbihi na misuaki, wakawagawia jirani. Leo ndege inamfikisha mtu Jeddah kwa saa chache, naye analeta nini? Anajileta mwenyewe, amechapwa mara 99. Zawadi ya zamani iliingia katika nyumba ya jirani. Hii ya leo inamtaka jirani aje nyumbani kwako aitazame. Na jirani huyo pengine ni mjane anayedunduliza mwaka wa kumi sasa ili apate nauli. Anakaa juu ya kiti, anatabasamu, anasema mashallah, na moyo wake unalia. Hukumtukana, ni kweli; lakini umemtandikia umasikini wake mbele ya macho yake.

Qur'ani katika Suratul Maun imewatisha hata wenye kusali, ikiwa sala yao ni ya kuonyesha watu; na Suratul Hajj yatufundisha kwamba hata katika mnyama wa kuchinjwa, kinachopokelewa si nyama bali ni uchaji Mungu wa mchinjaji. Ikiwa nyama iliyoliwa na masikini haifiki, pamba na poliesta zitafika?

Wala asidhani mtu kwamba ninawasema wanawake peke yao kwa kuwa ndio washonaji. Wako wanaume wasioitika wakiitwa kwa majina yao mpaka litanguliwe na "Alhaji". Hao nao wanao mfarishi, tofauti yao ni kwamba wanauvaa ulimini.

Sitara ya nyumba

Kuna jambo jingine ambalo wenye nyumba hawalifikirii. Picha hazijipigi chapa zenyewe. Hupelekwa kwa mtu, aghlabu kijana asiye maharimu wa mtu yeyote nyumbani mwako. Na picha za safari si za msikitini tu. Zimo za hotelini, mabinti wamevua mabuibui. Zimo za ufukweni, nywele ziko wazi, watu wamejiachia kwa kuwa wako peke yao. Zote hutumwa kwake pamoja, yeye azifungue katika kompyuta yake, azikuze, azikate, azinyooshe rangi. Unapokwenda kuuchukua mfarishi wako, unatoka na kitambaa. Picha zenyewe zimebaki ndani ya mashine yake. Humjui atakayezitazama kesho, wala zitakapopelekwa. Binti ambaye humruhusu kutoka barazani bila ya shela, umempeleka mwenyewe dukani, ukamlipia na ujira.

Serikali za kidunia zimeliona jambo hili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania ikatunga yake mwaka 2022. Sisi ambao sheria ya sitara tumeteremshiwa karne kumi na nne zilizopita, twangoja tufundishwe na nani?

"Ni kumbukumbu ya marehemu"

Limebaki jawabu moja la wenye mifarishi hii, nalo sitalipita kwa haraka kwa sababu ndani yake mna machozi. Husema mtu: "Mama yangu alikwenda Umra, akarudi, hakumaliza mwaka akafariki. Zile picha ndizo za mwisho. Nimezishona nikajifunika nazo. Je, hata hilo mwanilaumu?"

Ndugu yangu, simlaumu mwenye kulia. Mtume (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Lakini niruhusu nikuulize kwa upole: mama yako ahitaji nini kwako leo? Yuko mahali ambapo picha haimfikii. Mtume ametufundisha kwamba amali ya mwanadamu hukatika kwa mauti, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Wewe ndiwe hilo la tatu. Usiku ule unaojifunika uso wake ukalala, yeye alikuwa akingoja rakaa mbili na dua. Fedha uliyompa mwenye mashine ingalitosha kununulia misahafu ya chuo, au mtungi wa maji mlangoni kwa wapita njia. Hizo zingalikuwa zikimfikia hata wewe ukiwa umelala.

Tena liko jambo la tabia ya huzuni yenyewe. Dini imeweka mpaka wa matanga. Hata mjane ana eda yenye siku za kuhesabika, kisha humalizika. Mfarishi wa sura ya maiti hauna eda. Kila usiku huufungua msiba upya. Watoto wadogo hukua wakimjua bibi yao kama nakshi ya shuka, wakimkanyaga wakicheza, mpaka siku wakaizoea sura ile wasiione tena. Huko si kumkumbuka.

Ukitaka kuihifadhi picha yake, na ukawa umeifuata rai ya wanaoruhusu, iweke ndani ya bahasha sandukuni. Siku moyo utakapotaka, utaitoa, utasoma Fatiha, utairudisha. Kilichofichwa hubaki na uzito wake.

Viraka vyetu wenyewe

Labda utaniuliza: basi tusishone? Shoneni! Laiti mngalishona zaidi! Sindano imeacha mikono ya binti zetu, na hilo nalo ni msiba. Pwani hii ni ya watu waliotarizi kofia kwa tundu na tundu mpaka kofia moja ikachukua miezi. Ni ya watu waliovaa leso, nguo ambayo tangu zamani imesema kwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kirumi, wala haikuhitaji uso wa mtu ili ikumbukwe. Mwanamke wa Mombasa au wa Unguja akikuonyesha leso yake kuukuu hukuambia alinunuliwa na nani, arusi ya nani, mwaka gani.

Na wako ndugu zetu wa mbali wanaotupa somo. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wako watu waitwao Masidi. Asili yao ni Afrika, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki hii, wazee wao walipelekwa huko ng'ambo ya bahari katika karne zilizopita. Miongoni mwao mna Waislamu, Mabaniani na Wakristo. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka inayoitwa kawandi. Hawanunui kitambaa kipya. Huchukua nguo zilizochakaa za watu wa nyumbani, wakaanza kushona pembeni, wakazunguka kwa mishono ya mkono hadi wakafika katikati. Katika pembe huongeza viraka vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani maua, na bila ya maua hayo wao huona mfarishi uko uchi. Mwaka 2004 waliunda hata chama cha ushirika cha kuuza kazi zao, na mifarishi yao imeonyeshwa Marekani.

Ndani ya kawandi mna kipande cha sari ya bibi, cha shati la baba, cha gauni la mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa. Jamaa yote imo humo, na hamna uso hata mmoja. Mtoto akikojoa, mfarishi utafuliwa, basi. Na kwa kuwa ni nguo za pamba zilizolainika kwa kuvaliwa, hufaa kwa mwili. Ile poliesta ya picha, mwenye kulala Mombasa, Tanga au Unguja mwezi wa Februari anaijua: hainywi jasho, hukuchemsha kama uliyefunikwa na nailoni.

Basi mwenye kurudi safarini na afanye hivi. Leso aliyoivaa Madina, shela aliyojitanda katika ndege, kikoi cha marehemu baba, kanzu iliyochanika begani: na avikate, avishone, awakalishe binti zake kandokando awasimulie kila kiraka kilikotoka. Hapo safari itaelezwa kwa ulimi, mkono utapata kazi, na watoto watapata ufundi. Na ambaye hana budi ila kupiga chapa picha ya safari juu ya nguo, basi Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Iko minazi na bahari, iko mitende, yako majahazi. Achapishe hayo. Kaaba na aiache katika kibla chake.

Na aliye nao tayari

Ikiwa mfarishi wa mapicha umekwisha kuingia nyumbani mwako, usiwagombanishe watu. Usimwaibishe mkeo mbele ya wifi zake, wala usimrushie mama yako maneno ya haramu ilhali alishona kwa mapenzi. Keti naye, msomee habari ya pazia la Bibi Aisha, kisha chukueni mkasi pamoja. Fumueni mishono. Viraka vyenye Kaaba, Msikiti wa Mtume na maandishi matukufu viwekwe kando, vihifadhiwe mahali pa heshima au vichomwe kwa adabu kama zinavyochomwa karatasi za msahafu uliochakaa. Viraka vyenye sura za watu visitundikwe tena; vyenye sura za wanawake wa nyumba visibakie mbele ya macho ya wageni. Pamba iliyomo haina kosa, wala shuka ya chini haina kosa. Zitieni viraka vya leso, mshone upya. Bibi Aisha alipata mito kutoka katika pazia. Nanyi mtapata mfarishi halali kutoka katika usiokuwa na pahali.

Kisha mwulize mwenye nyumba swali moja, na ujiulize na wewe: tangu aliporudi kutoka Nyumba ya Mwenyezi Mungu, ni lipi lililobadilika katika sala yake, katika ulimi wake, katika haki za jirani yake? Hiyo ndiyo picha ya Hija ambayo watu wana haki ya kuiona.

Mwenyezi Mungu atukubalie safari zetu, atusitiri sisi na watu wa nyumba zetu, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na atujaalie tuwe watu wa kukumbuka kwa dua, si kwa mapambo. Amin.